Jiwe Lililozoea Kushikwa

Asubuhi ile mashine ya vidole ilimkataa Kamanda.

Aliweka kidole gumba, taa ikawaka nyekundu. Akakifuta kwenye suruali ya sare, akakipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani, akaweka tena. Nyekundu. "Jaribu tena," ilisema mashine kwa ile sauti yake ya mwanamke aliyechoshwa na wewe hata kabla hujafungua mdomo.

"Sogea bwana, kidole chako kimezeeka," alisema binti aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Hakijazeeka, Digrii. Kimegoma. Kimeona miaka yote nasimama mlangoni na cheo ni kilekile."

Watu wakacheka. Kamanda hakuwa kamanda wa chochote. Alikuwa mlinzi wa jumba la makumbusho, mnene, mwepesi wa kucheka, na jina alilipata kwa jinsi alivyopenda kupiga saluti hata kwa magari ya taka. Binti naye hakuitwa Digrii na mama yake. Kamanda ndiye aliyembandika jina hilo siku ya kwanza alipomwona akiingia na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, kaikumbatia kifuani kama aliyebeba mtoto mgonjwa.

Digrii akaweka kidole. Kijani. "Karibu kazini," ilisema mashine, naye, kama kila siku, akasikia raha ya kijinga ikimpanda mpaka masikioni. Utaiona ya kijinga kama hujawahi kukaa nyumbani na shahada.

Yeye alikaa. Alimaliza chuo na shahada ya mambo ya kale, akaanza kuzunguka maofisini. Kila ofisi ilitaka uzoefu. Uzoefu unapatikana kazini. Na kazini huingii bila uzoefu. Halafu anakaa mtu mzima mbele yako, kashiba, anakuuliza bila aibu, "So, umekuwa ukifanya nini tangu umalize?" Na mwisho wa yote ni sentensi moja, kila mlango, kila ghorofa: "Nenda kasubiri, tutakupigia." Alisubiri kwenye kochi la dada yake. Shemeji yake hakuwahi kumfukuza, haki ya Mungu, ila kila alipopita sebuleni aliuliza kwa upole, "Shem, network ipo kweli? Maana naona simu haiiti."

Siku simu ilipoita, dada alilia. Msaidizi wa Ukumbi Mkuu, kwa muda, mpaka siku ya ufunguzi. Ukumbi ukifunguliwa salama, anaajiriwa moja kwa moja. Usipofunguliwa, kochi lipo, halijahama.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzuia watu wasiguse jiwe.

Lilikuwa jiwe la kale kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, refu kama nyumba ya ghorofa, limechongwa mistari ya kujisokota kama kamba kutoka chini hadi kileleni. Lilikuwa limesimama mlimani kando ya njia ya miguu, na kila aliyepita aliliwekea kiganja. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Ilikuwa adabu tu, kama kupiga hodi: unapanda, unafika, unaweka kiganja, unapita. Mikono ya vizazi na vizazi ilikuwa imelila jiwe usawa wa kifua, ikaacha kibonde laini kama sahani. Kisha wataalamu wakaja, wakapima, wakasema mvua inalila na mikono inalimaliza. Wakalichimbua. Wakalifunga magodoro na mikanda, wakalilaza kwenye trela, na kreni ikaliteremsha ukumbini kupitia juu, kabla paa halijaezekwa. Halafu paa likaezekwa. Wakaliosha kwa brashi laini na maji yaliyochujwa mpaka ile ngozi nyeusi ya jasho la watu ikabanduka yote. Wakalizungushia kamba nyekundu. Na Digrii, ambaye tasnifu yake chuoni ilihusu madhara ya jasho la viganja kwenye mawe yaliyochongwa, akapewa heshima ya kuandika kibao: TAFADHALI USIGUSE.

Alikipenda kile kibao. Katika yote aliyowahi kuandika, ndicho pekee kilichochapishwa.

Kabla wiki haijaisha, mashine ilikuwa imemkataa fundi umeme, ikamkataa na mama wa usafi. Afisa utumishi akasema ni sabuni kali, akaleta sabuni nyingine, mashine ikaendelea na jeuri yake. Hakuna aliyefikiria kuvitazama vidole vyenyewe, mpaka siku Digrii na Kamanda walipokuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma wakila chakula cha mchana.

"Hebu lete mkono," Digrii akasema.

"Unataka kunisomea nyota?"

"Lete bwana."

Kamanda akanyoosha kiganja. Hakikuwa na kitu. Alama za vidole hazikuwepo, na hata ile mistari mikubwa ambayo kila binadamu huzaliwa nayo, ile inayokunja mkono, haikuwepo. Kiganja kilikuwa kitupu, laini, baridi, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Kinauma?"

"Hakiumi, ndiyo shida yenyewe. Jana nimeshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu nikaifikisha mezani. Mke wangu ndiye aliyeungua roho." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Na kuna kitu kingine, usinicheke. Juzi nikiwa nafunga ukumbi, mtu alinishika mkono. Hakuuvuta. Alinishika kama anayekusalimia baada ya kupoteana muda mrefu. Mkono mbichi, wa baridi. Akawa ananipapasa kiganja kwa kidole, taratibu, hataki kuniachia. Nikageuka."

"Ukaona nini?"

"Jiwe lako."

Digrii hakucheka. Alifunika chakula chake na kuingia ukumbini.

Kwanza aliipata harufu. Ilikuwa harufu ya watu: ya sarafu iliyofumbatwa muda mrefu, ya kitasa cha mlango wa ofisi ambayo wengi hubisha na wachache hufunguliwa. Akaisogelea kamba. Kile kibonde laini alichokipima mwenyewe kwa mikono yake yenye glavu, akakikuta kina mistari. Mitatu mikubwa iliyopinda, na juu yake vijimistari vyembamba vya mviringo, vimejizungusha kama maji yaliyotupiwa kokoto. Na chini ya hivyo vingine. Na vingine. Viganja vimelaliana.

Akaenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na simu mbili mezani na ya tatu sikioni, na alimsikiliza kwa lile sikio lililobaki.

"Ni nyufa," akasema. "Hewa ya humu ni kavu, jiwe linajizoesha. Perfectly normal."

"Bosi, si nyufa, ni..."

"Ni nini?" Akaishusha simu. "Malizia. Wewe ndiye msomi. Ni nini?"

Digrii akaliona kochi la dada yake, kama lipo pale ofisini. Aliliona kwa macho, na bonde la mwili wake katikati ya mto.

"Ni nyufa," akasema.

"Good. Wapake gundi maalumu. Mgeni rasmi anakuja, wafadhili wanakuja na kamera zao, na mimi sitaki kusikia neno la ajabu ajabu ndani ya jengo hili. Na wewe si bado uko kwenye majaribio?"

Gundi ilipakwa jioni. Asubuhi ilikuwa sakafuni, imebanduka nzima, imejikunja kama ngozi aliyoivua nyoka. Digrii aliiokota. Upande wa ndani ilikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Tangu siku hiyo ukumbi ukawa na sauti. Ilikuja mchana, jua likiwa utosini, watu wakiwa nje wanakula. Shwa, shwa, shwa. Ukiisikia kwa mbali ungesema mtu anasugua mbao kwa msasa. Ukikaribia ungeitambua, maana hata wewe umewahi kuitoa: ni mtu aliyekaa kwenye benchi anasugua viganja vyake, anasubiri kuitwa.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, Kamanda hakuja kazini. Alikuja mkewe, na mtoto mgongoni. Alisimama kwenye geti la nyuma mpaka Digrii akatoka.

"Wewe ndiye Digrii?"

"Ndiye mimi. Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo huku, sitaki watu wasikie." Akamvuta nyuma ya tangi la maji. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, anayeongea kwa kunong'ona kama aliyezoea kuwa na mgonjwa chumba cha pili. "Mwenzangu analala, mkono wake haulali. Mume wangu anakoroma kabisa, mkono unanyanyuka wenyewe. Unapapasa ukuta. Unapapasa mlango. Unakuja usoni kwangu, taratibu, unanishika mashavu, unanishika mdomo, kama kipofu anayetafuta mtu aliyemzoea. Haunifinyi. Afadhali ungenifinya, ningepiga kelele. Nikadhani unanitafuta mimi tu." Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akakifumbua kiganja chake kidogo. "Leo nimemwamsha huyu, nimemkuta hivi."

Kiganja cha mtoto kilikuwa kitupu kama karatasi.

Digrii akasema, "Pole sana, dada."

"Sikuja kuchukua pole. Mwambie bosi wenu afunge huo ukumbi."

"Dada, ufunguzi ni keshokutwa. Ukishapita tu..."

"Ukishapita itakuwaje?"

"Nitaajiriwa. Nikiwa ndani kabisa, hapo nitakuwa na sauti. Sasa hivi nikisema wananitoa, na jiwe litabaki palepale."

Mke wa Kamanda alimtazama kwa muda, bila hasira, kama anayetafuta mahali ambapo mtu huyu alipasuka.

"Haya," akasema. "Basi mimi nitaleta mtu wangu kesho. Wewe fungua mlango tu. Kufungua mlango hakuhitaji kuajiriwa."

Mganga alikuja asubuhi iliyofuata na mkoba wa mkononi, miwani ya kusomea na simu isiyotulia. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimepigwa rangi vizuri, na kadi ya MGENI aliyopewa mapokezi aliivaa shingoni bila kinyongo.

"Nina mteja mwingine mchana," alisema. "Panauma wapi?"

Digrii akamwonyesha jiwe. Mke wa Kamanda alibaki mlangoni na mtoto wake. Mganga alilizunguka jiwe bila kuvuka kamba, akanusa, akavua miwani, akavaa tena. Kisha akachutama, akatoa chetezo mkobani na makaa yake, akawasha, akatupia ubani, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini. Moshi ukapanda ukishikamana na ile mistari ya kujisokota, na ile sauti ya viganja, ambayo hata Digrii hakuwa ametambua kuwa ilikuwa ikiendelea, ikakoma. Ukumbi ukawa kimya, kimya cha mtu aliyeacha anachofanya ili akusikilize. Mganga akainua uso. Moshi ukafika darini.

King'ora cha moto kikalia jengo zima, na maji yakamwagika kutoka kwenye dari.

Mkurugenzi alifika viatu vikichuruzika. "Huyu ni nani?"

"Mtaalamu wa hewa," alisema Digrii.

"Consultant," alisaidia mganga huku akimwaga maji kwenye chetezo.

Mkurugenzi si mjinga. Alimtoa mganga kwa mkono wake mwenyewe mpaka getini, kisha akarudi akamwambia Digrii maneno machache, kwa utaratibu, na katika hayo, aliyoyakumbuka baadaye ni haya: kwamba barua yake ya ajira imeshachapwa, imeshatiwa saini, iko kwenye mfuko wa koti hili hapa, na kesho mtu mmoja akigusa jiwe lile, hata kwa ukucha, itachanwa mbele yake. Je, wameelewana? Wameelewana.

Digrii aliwakuta kina mama nje wakijikamua nguo.

"Umeshindwa," Digrii akasema. Hakukusudia isikike kama lawama, lakini ilisikika hivyo.

"Sijashindwa. Sijaanza," alisema mganga. "Mimi nafukuza kilichokuja chenyewe. Huyu hakuja, mlimleta. Aliyemleta mgeni ndiye anayemsindikiza."

"Tutamsindikizaje? Ili litoke lile lazima paa libomolewe."

"Basi mpeni alichokuwa nacho kule. Alikuwa na nini?"

Digrii akafikiri. "Watu wakimshika. Kila anayepita."

"Na hapa?"

Digrii akageuka. Kupitia mlango wa kioo kibao kilisomeka vizuri, herufi kubwa, nafasi nzuri kati ya maneno.

"Majini wenye hasira nawajua, nimekula nao sahani moja," alisema mganga, akiangalia simu yake. "Huyu hana hasira. Huyu hana kazi."

Mchana ule wafanyakazi wote walikuwa uwanjani wakifunga maturubai na kupanga viti, na Digrii akaachwa ukumbini peke yake akaushe sakafu. Ukumbi ule haukuwa na dirisha hata moja. Mwanga wa jua ungeharibu mambo ya kale. Nje palikuwa na jua kali, watu wanataniana, mtu anajaribu kipaza sauti. Ndipo umeme ukakatika.

Shwa, shwa.

Alisimama na dekio mkononi, akijiambia ni maturubai, akajiambia ni feni inayokata mzunguko wake wa mwisho, akajiambia chochote ambacho mtu mwenye shahada anaweza kujiambia gizani, lakini sauti haikutoka juu wala nje, ilitoka palepale kwenye kamba, kisha ikatoka upande huu wa kamba, kisha ikakoma, na badala yake ikaja ile harufu, sarafu na jasho na kitasa, nzito, ya watu wengi kuliko wanaoweza kuingia ukumbini, ya wote waliowahi kupanda mlima ule wakiwa wamechoka na kuweka kiganja na kupumua na kupita, na akajua bila kuona kwamba mbele yake palikuwa na kitu kirefu kilichoinama, kwa adabu, kama mtu mrefu anavyoinama ili asikutishe, na kiganja kibichi kikatua katikati ya kifua chake, kikatulia hapo, kisha kikateremka polepole kwenye bega, kwenye kiwiko, kikaufikia mkono wake uliokuwa umeng'ang'ania dekio, kikaanza kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja, bila nguvu, bila haraka, kama anayemwomba mtoto aonyeshe alichoficha.

Hakupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Najua," akasema. "Najua ulivyo. Na mimi nilikaa."

Vidole vikasimama.

"Nilikaa miaka, najua. Unaamka, unaoga, unavaa, halafu hakuna anayekuhitaji. Watu wanapita wanakutazama. Kutazamwa si kazi." Alikuwa analia sasa, na hakujua anamlilia nani. "Kesho watakuja watu wengi. Mimi ndiye ninayeshika kamba. Nitaifungua. Naapa nitaifungua, waje wote wakushike. Wewe tu waachie hawa. Mwachie yule mtoto."

Kilichomshika kikafikiri. Kisha kikaukamata mkono wake wa kulia, kikautikisa mara moja, taratibu, namna watu wanavyopeana mkono baada ya kukubaliana.

Umeme ukarudi. Alikimbilia mlangoni akafumbua kiganja kwenye jua. Mistari yake yote ilikuwepo. Kilikuwa kimemwamini.

Ufunguzi ulikwenda kama ulivyopangwa, na hilo ndilo litakalokukera. Hakuna kilichoanguka. Mgeni rasmi alichelewa kama wageni rasmi wote, akakata utepe, akasema urithi wetu, akasema vijana ni taifa la kesho, huku kijana mwenyewe amesimama hatua chache kutoka kwake, koti la kijani la sare, mkono kwenye ndoano ya kamba. Dada yake alikuja, kasukwa upya. Shemeji alikuja na tai. Kutoka upande wa pili Mkurugenzi alimkazia macho Digrii, akagusa kifua cha koti lake mahali barua ilipokuwa, kidogo tu, kama mtu anayekagua moyo wake.

Nyuma ya mgongo wake, chini ya makofi ya watu, aliisikia. Shwa, shwa, shwa. Ilikuwa haraka leo. Ilikuwa na furaha.

Ndoano ilikuwa nyepesi. Angeisukuma kwa kidole kimoja tu, ingefunguka. Mama mmoja mzee wa safu ya mbele, ambaye bila shaka aliwahi kupanda ule mlima, alisogea, akanyanyua kiganja chake mbele ya jiwe bila hata kufikiri, kama anavyofanya mtu akifika mlangoni kwa jirani.

"Mama," Digrii akasema. "Tafadhali usiguse."

Mama akashusha mkono, akaona aibu, akajichanganya na watu. Sauti nyuma ikapungua kasi. Digrii hakugeuka. Alisogeza midomo tu, kwa chini, kwa lugha ya heshima, jinsi mambo haya yanavyosemwa:

"Vumilia kidogo. Nafasi ikipatikana, tutakujulisha."

Aliyasikia maneno yenyewe yakimtoka kinywani mwake, yale ya kila mlango, kila ghorofa. Sauti ya viganja ikakoma. Haikurudi tena, siku ile wala baadaye.

Barua alikabidhiwa mbele ya watu. Dada akapiga vigelegele. Shemeji akampa mkono, akasema, "Kumbe network ilikuwepo." Jioni ileile afisa utumishi akamwita ofisini asajiliwe upya kwenye mashine, maana mfanyakazi wa kudumu anasajiliwa upya, ndio utaratibu.

"Weka gumba," alisema afisa.

Nyekundu. "Jaribu tena."

"Weka cha shahada."

Nyekundu. Vikaenda vyote, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Digrii aliitazama mikono yake, akaificha haraka mapajani, chini ya meza. Ilikuwa laini. Ilikuwa baridi. Hakuhitaji kuitazama mara ya pili.

Mashine ikawaka kijani.

"Umesajiliwa," ilisema. "Karibu kazini."

"Haya, imekubali," alisema afisa, akipiga muhuri.

"Sijaweka kidole."

"Ehe?"

"Mikono yangu iko hapa. Sijaigusa."

"Dada yangu, imekubali. Unataka ikuimbie?"

Asubuhi yake alipanga foleni kama kila siku. Foleni ilikuwa na furaha. Fundi umeme aliweka kidole, kijani. Mama wa usafi, kijani. Kamanda alikuwa amerudi, sare imepigwa pasi, akawa anamwonyesha kila mtu kiganja chake na mistari yake yote mitatu kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Mtoto naye amepona, alisema, kiganja kimekunjamana kama zamani. Digrii akafika mbele, akaweka kidole.

Nyekundu. "Umeshaingia kazini," ilisema mashine.

Akajaribu tena. "Umeshaingia kazini." Akatoa simu ampigie afisa utumishi, simu iliyozoea kufunguka kwa kidole chake ikakataa kufunguka.

"Kamanda, nifungulie," akasema. "Hii mashine imeharibika tena."

Kamanda akamtazama usoni kwa upole, jinsi mtu anavyotazama ukuta wenye rangi nzuri. "Una miadi na nani, dada?"

"Acha utani. Mimi."

"Wewe nani?"

"Kamanda, ni mimi. Digrii."

"Digrii ameshaingia zamani," alisema Kamanda, akaelekeza kwa kidevu. "Siku hizi anawahi sana."

Kupitia mlango wa kioo ukumbi ulionekana mpaka mwisho. Kamba nyekundu ilikuwa mahali pake. Kibao kilikuwa mahali pake. Kando ya jiwe, mtu mrefu kupita kiasi aliyevaa koti la kijani alikuwa ameinama kwa adabu, mgongo kwao, na mbele yake wanafunzi wa shule wamepanga foleni. Aliwapokea mmoja mmoja. Kila mtoto alinyoosha mkono, akapewa mkono, ukashikwa muda mrefu, ukapapaswa, ukaachiwa; kisha mtoto akapita, akitabasamu kidogo, akijifutia kiganja kwenye sare. Hakuna aliyegusa jiwe. Mkurugenzi alikuwa amesimama pembeni na simu zake, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyempata mfanyakazi.

Digrii akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Haukutoa sauti, na kwenye kioo hakukubaki alama.

"Dada, usipige kioo," alisema Kamanda. Akamshika kiwiko taratibu, akamgeuza, akamwonyesha benchi la nje, kwenye jua. "Kama ni kazi unatafuta, acha namba yako mapokezi. Kakae pale usubiri. Watakupigia."